Équerre na Compas ya Papa Germain

Papa Germain Kitenge alizaliwa Bukama tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa mfanyakazi wa reli. Baba yake alipohamishiwa Likasi, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Alisomea uashi, kazi ya maçon, katika shule ya ufundi hapa mjini. Alipomaliza, mwaka 1970, alipewa équerre ya kupimia pembe na compas ya kuchorea duara. Alizitunza kuliko viatu vyake vya misa.

Kuanzia 1971 hadi 2003 alijenga tanuru za kiwanda kule Shituru. Mama Henriette, aliyefunga naye ndoa kanisani tarehe 5 Agosti 1978, anasimulia kwamba mumewe hakugusa bukari, ugali wetu, kwenye meza iliyoinama. Alitia kikaratasi chini ya mguu wa meza, hata ugenini. Kwa watu! Mama aliona haya mpaka akazoea.

Mwaka 1994 alichomelea équerre na compas za chuma juu ya lango la nyumba yake, ili watu wajue kazi yake. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza kitu.

Tarehe 20 Novemba 2011 mwanawe Rolly alizama katika mto Lufira, akiwa na miaka kumi na tisa. Papa alijenga kaburi mwenyewe, akakataa msaada. Wiki haijaisha, maneno yakaanza: ile ni alama ya franc-maçon, wale wa chama cha siri, mzee amemtoa mtoto kafara ili atajirike. Atajirike! Mtu wa baiskeli moja. Binti yake Laure aliambiwa hivyo kwenye maombi, akaamini, akahama. Huyo Laure ni mimi ninayewasomea.

Mwaka 2019, nilipojifungua mtoto wa kwanza, Papa aliikata ile alama kwa msumeno, akanipigia simu kuniambia ameitoa: "Nimeitosha, mwanangu. Kuya na mutoto." Nikasema moyoni, kumbe ni kweli, sasa anaficha. Sikuenda.

Mwaka huu mapafu yalimshinda, kwa vumbi la tanuru la miaka yote ile. Mama akaniambia, "Kama hauye leo, usikuye tena." Hospitalini nilimkuta Papa Mathieu, aliyesoma naye. Nilipoitaja alama, akafungua mfuko wake, akatoa équerre na compas kama zile zile. "Siye boote tulipewa, darasa nzima."

Nilimwuliza Papa maana yake. Alijibu kwa pumzi ndogo: "Équerre inasema, matendo yako iwe sawa. Compas inasema, ujichoree mupaka, usipite. Bafranc-maçon banafundisha vilevile. Beo njo balikopa kwetu, siye bamaçon." Akacheka, akakohoa sana. Nikamwomba msamaha. "Weye mutoto, leta maji," akasema. Sijui kama hilo ndilo jibu. Nilimnywesha maji. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, saa tisa mchana.

Alama tuliikuta chini ya kitanda chake. Jana Papa Mathieu aliichomelea tena mahali pake. Leo asubuhi jeneza limepita chini yake kuingia nyumbani, na mimi nyuma, mara yangu ya kwanza tangu 2011.

Ameacha mjane, Mama Henriette. Binti mmoja, aliyechelewa. Na wajukuu wawili, Daniella na Samy, ambao leo kwa mara ya kwanza wameona nyumba ya babu yao.

Pumzika kwa amani, Papa. Alama haitatoka tena.