Marcelina Aliyekata Fimbo ya Mumewe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, punguzeni moto wa maharage, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Marcelina Kasimiri, fundi cherehani wa Kitete, hapa Tabora mjini. Ametutoka mwezi uliopita. Marcelina Kasimiri. Fundi cherehani. Wa Kitete.

Tangu tutangaze kwamba kipindi cha leo ni chake, ujumbe umemiminika studio. Mmoja anasema marehemu alikuwa mpole. Mwingine anasema alikuwa mnyenyekevu. Mwingine anasema hakuwahi kumkwaza mtu. Jamani! Huyo mnayemsema ni nani? Marcelina tuliyemzika sisi aliwahi kumwambia bibi harusi, mbele ya wakwe, "Gauni nimelishona sawasawa. Kasoro ni unavyosimama." Hakuwa mpole. Alikuwa na dharau, na dharau yake aliigawa bila upendeleo, kwa maskini na kwa mwenye gari.

Julieth, binti yake, ametuomba jambo moja tu. "Msimpake mama sukari," alisema. "Atafufuka aje awagombeze." Basi hatutampaka. Tutasimulia jambo ambalo mji mzima unalijua na nusu ya mji bado unalinung'unikia. Marcelina alikata fimbo ya kuvulia samaki ya mumewe. Aliikata kwa msumeno, mchana kweupe, na hakuomba radhi mpaka anaingia kaburini.

Mumewe ni Mzee Mathias, mstaafu wa reli. Ujana wake alifanya kazi Kigoma, na huko ndiko alikojifunza kuvua akiwa amesimama ufukweni. Wenye mitumbwi walimcheka, hakujali. Upande ule, wasikilizaji, upepo wa kusini ukivuma ziwa huchafuka, mawimbi huja yanavunjika karibu na mchanga. Samaki wakubwa hukaa nyuma ya pale yanapovunjika. Mwenye fimbo fupi hurusha ndoana, wimbi linamrudishia miguuni pamoja na majani. Mwenye fimbo ndefu huirusha ng'ambo ya mawimbi, na mshipi wake unapita juu ya povu. Ndiyo sababu ya urefu. Kumbukeni hilo, maana Marcelina alilisikia kila siku ya ndoa yake.

Kisha reli ikamhamishia Igalula, ambako maji yanaonekana kwenye ndoo tu. Akastaafu, akarudi Tabora. Tabora haina ziwa wala pwani. Ina asali, ina maembe, na ina maneno. Hapo ndipo Mzee Mathias alipoamua kwamba sasa atapata fimbo aliyoitamani maisha yake yote.

Kwanza alikwenda dukani. Akaonyeshwa fimbo za kutoka nje, zile zinazojikunja moja ndani ya nyingine. Akaitoa moja, akaitikisa, ncha ikachezacheza. "Hii ni anteni," alimwambia muuzaji. "Fimbo ya mawimbini inakaza shinani, inalainika kuelekea nchani. Hii yako imelegea mwili mzima kama mlevi." Mtu akamshauri aende kuvua kwenye bwawa, kwani lazima Kigoma? Akamjibu kwamba fimbo ndefu bwawani ni sawa na kuvaa koti la mvua bafuni. Msione Marcelina peke yake alikuwa na mdomo. Nyumba ile ilikuwa na midomo miwili.

Basi akatengeneza yake. Mwanzi ulitoka Usinge, mmoja tu, aliouchagua baada ya kukataa mzigo mzima. Ulikuwa na urefu wa mita tano na zaidi. Akautundika juu ya moshi wa jiko msimu mzima wa kiangazi ili ukauke bila kupasuka. Jiko la nani? La Marcelina. Akaunyoosha juu ya makaa, fundo kwa fundo. Pete za kupitishia mshipi akazikunja kutoka kwenye spoki za baiskeli. Akazifunga kwa uzi, akaupaka uzi nta ya nyuki, kisha vanishi. Uzi wa nani? Wa Marcelina, ule wa buluu wa sketi za shule.

"Watoto wa watu watakwenda shule na pindo zimefumuka," alisema Marcelina, "kwa sababu mume wangu anaushonea mti nguo."

Mti. Siku zote aliuita mti. Mzee akisema fimbo, yeye anasema mti.

Fimbo ilipokamilika, mzee alikwenda kuijaribu kwenye uwanja wa mpira. Akafunga risasi ya kuzamishia, akajipinda, akarusha. Risasi ikapita goli, ikapita ua, ikaingia kwa jirani yao Zamda na kurudi na kanga yake iliyokuwa kwenye kamba. Zamda alitoka mbio akipiga kelele za mwizi. Marcelina alisimama barazani na futi yake shingoni.

"Hongera, baba Julieth. Umeanza na kanga. Kesho utavua shuka."

Lakini ilirusha, wasikilizaji. Hata Zamda amekiri hivyo kwetu. Ilirusha mbali kuliko akili ya mtu.

Sasa sikieni kosa. Mzee Mathias alikuwa mtu wa reli maisha yake yote. Alijua upana wa behewa, alijua mlango, alijua korido yake inavyokata kona. Alijua. Na alitengeneza fimbo ya mita tano, kipande kimoja, ya kupelekwa Kigoma kwa treni. Alikwenda nayo stesheni amevaa suti. Fimbo ikaingia mlangoni, ikafika kwenye kona ya korido, ikagoma. Wakajaribu dirishani, nusu ikabaki nje. Kondakta, kijana aliyefundishwa kazi na mzee huyohuyo, akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Ikatwe, tukuunganishie baadaye, au ibaki."

"Fimbo iliyokatwa imekufa," akajibu Mzee Mathias. Akageuza, akarudi nayo nyumbani begani, watu wakimpisha barabarani kama msafara wa mkuu wa mkoa.

Marcelina alimpokea hivi: "Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Ujiji, wakapita hapahapa, mpaka pwani. Wewe mjukuu wao umeshindwa kufikisha mti Kigoma, na treni ipo."

Fimbo ikatundikwa ukutani, sebuleni, kwenye vigingi. Mzee akaweka kiti chini yake. Akakaa.

Hapo tuache kucheka. Alikaa. Asubuhi alikaa, jioni alikaa. Wageni wakija anawaonyesha fimbo, anawaeleza mawimbi, wanasifu, wanakunywa chai, wanaondoka, naye anabaki amekaa. Miguu ikaanza kuvimba. Daktari akamwambia atembee. Akasema atatembea Kigoma. Kigoma haendi kwa sababu fimbo haipiti, na fimbo haikatwi. Kipindi hiki kina dharau kidogo kwa wale wageni. Mnasifu kitu mnachokiona kinamuua mwenyewe, kisha mnaomba sukari iongezwe.

Marcelina hakusifu. Julieth anasimulia kwamba siku moja mama yake alisimamisha cherehani, akamtazama baba, akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwa kawaida hakuwa nayo kabisa: "Baba yako ananifia mbele ya macho, amekaa, na mti uko juu ya kichwa chake kama msalaba. Sitamzika mtu aliyeuawa na kiti."

Akaanza kazi. Mzee akienda kanisani, yeye na Julieth wanaushusha mwanzi. Julieth anashika shina, mama anafunga ndoo ya maji nchani na kutazama unapopinda. Akachukua chaki yake ya kushonea, akaweka alama pale mpindo unapoanzia. Chini ya alama hiyo mwanzi ulikuwa umekaza, haupindi. Kiungo kikikaa pale hakitateswa sana. Hilo hakuna aliyemfundisha. Alisema sketi pia haipasuki kiunoni ikikatwa mpasuo mahali panapostahili.

Akamwita Fundi Uwesu wa mtaa wa Ng'ambo, mtengeneza masufuria, amtengenezee bomba la shaba la kuunganishia. Uwesu yuko hai, na alitusimulia mwenyewe, akicheka mpaka anafuta macho.

"Nilifika, nikamkuta anauzungushia futi. Nikamwambia, 'Dada, unaupimia sketi?' Akaniambia, 'Ndiyo, na kiuno chake ni chembamba kuliko cha mkeo.' Akanipa vipimo. Siku ya kukata, mzee kaenda hospitali kupimwa miguu, nikasema mimi sikati mali ya mwanaume mwenzangu. Akaninyang'anya msumeno."

Marcelina aliuzungushia mwanzi kitambaa usichanike. Akakata. Bomba likavalishwa, uzi wa buluu ukafungwa upya, na mara hii alifunga mwenyewe, kwa hiyo ulikuwa umenyooka.

Mzee akarudi. Akasimama mlangoni. Akaona vigingi vitupu, na mezani vipande viwili.

"Mama Julieth. Umeniua."

"Ungekuwa umekufa ningekuwa nashona sanda. Sogea nifagie unga wa mti."

Mzee hakusema naye tena. Alikula kimya, alilala kimya. Mtaa ukachachamaa. Wazee wa jumuiya wakamwita Marcelina, wakamweleza kwamba mke anayekata fimbo ya mume amekata kichwa cha nyumba. Akawajibu, "Kichwa cha nyumba kilikuwa kimetundikwa ukutani. Nimekishusha." Akarudi kushona. Wazee hao, wasikilizaji, ndio waliokula pilau ya msiba wake wakasema alikuwa mpole.

Kisha akashona mfuko mrefu kwa mabaki ya vitambaa vya sare za shule. Mifuko miwili ndani, mkanda wa kupitisha begani. Akautundika kwenye kigingi kimoja. Mzee akautazama siku nyingi bila kuugusa. Asubuhi moja Julieth akaamka akakuta kigingi kitupu, kiti kitupu, na viatu vya baba havipo. Akapiga yowe. Marcelina hakunyanyua mguu kwenye pedali.

"Treni ya Kigoma ni leo," alisema. "Pisha mwanga."

Mzee alirudi amechomwa na jua, amekonda, akiwa na samaki mmoja wa ziwani, kuhe, aliyekaushwa kwa moshi. Akaweka samaki mezani. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya kwanza tangu siku ya msumeno, na Julieth ameyashika kama sala.

"Kiungo kimeshika?" akauliza Marcelina.

"Kinalialia kidogo."

"Kuhe mwenyewe mdogo."

Marcelina akamla mzima, mpaka kichwa. Tangu hapo mzee alikwenda kila msimu wa upepo wa kusini, miguu ikapungua, na kila akirudi alilalamika kwamba fimbo ingalikuwa nzima ingalirusha zaidi. Naye mkewe kila mara alimjibu, "Ingalikuwa nzima ungalikuwa umekaa."

Mwaka huu Marcelina aliugua, na ugonjwa huo haukuwa wa kushonwa ukapona. Akiwa kitandani alimwita mumewe. Julieth alikuwepo. Hakumwambia maneno ya kwenye kadi. Alimwambia: "Nikishaondoka, usije ukanikalia kwenye msiba kama gunia. Sikuukata ule mti ili uje ukae."

Wiki ya tatu baada ya mazishi, mfiwa hakuonekana nyumbani. Arobaini haijafika, maturubai hayajarudishwa yote, na mume wa marehemu hayupo! Mkapiga simu hapa studio kutushtakia. Mkasema ameidharau maiti. Sisi tukampigia yeye. Simu ikaita sana. Alipopokea hatukumsikia vizuri, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ngurumo, inakuja, inavunjika, inarudi.

"Shikamoo mzee. Pole na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa. Mtamtangaza lini?"

"Alhamisi. Una neno la kumuaga mama Julieth?"

Wimbi likavunjika. "Ninalo. Semeni redioni, wote wasikie, naye asikie. Fimbo ilikuwa bora ikiwa nzima. Bado nasema hivyo."

"Sawa mzee. Uko wapi hapo?"

"Kigoma. Ufukweni."

"Na fimbo unayo?"

"Ninayo mkononi."

"Ilifikaje huko?"

Tulisikia mshipi ukikunjwa, pole pole, na yeye akipumua.

"Kwa treni," alisema. Simu ikakatika.

Wasikilizaji wapendwa, familia ya Marcelina Kasimiri inapokea pole zenu. Pole Julieth, uliyeshika shina. Pole Fundi Uwesu. Pole Zamda, na kanga yako. Na ninyi mlio nyumbani, inueni macho mtazame kuta zenu. Kama kuna kitu kizuri mmekitundika na chini yake amekaa mtu, msikisifu. Tafuteni msumeno.

Pole sana Mzee Mathias. Neno lako tumelisema kama ulivyotaka: ilikuwa bora ikiwa nzima. Haya, ukimaliza kuvua, itenganishe, itie mfukoni, panda treni, urudi kwenye arobaini ya mkeo. Na samaki awe mkubwa safari hii.