Sisimizi Walipompita Bibi

Wazee wangu, shikamooni. Wa rika langu, mambo. Naanza na aibu yenyewe nisije nikaogopa katikati: niliiba mkojo wa bibi yangu.

Msicheke. Haya, chekeni tu, mama yangu yuko kiti cha nyuma na anajua.

Bibi tunaishi naye huko Old Moshi, ana kisukari. Sasa shuleni klabu yetu ya sayansi ikaambiwa ijaribu mmea wa dawa. Kichwa changu kikawaka. Kwetu mbege, ile pombe ya ndizi, ikipikwa inatiwa gome la mti wa msesewe, ule utamu wa ndizi unakatika. Nikasema, kama linakata utamu wa pipa zima, litashindwa na bibi mmoja?

Nikachemsha. Bibi akanusa kikombe. "Mume wangu," ndivyo anavyoniita, "hii ni dawa au ni kesi?" Akanywa hivyo hivyo, uso umekunjamana. Vidonge vyake vya kliniki hakuviacha, Mungu mkubwa.

Ikabaki kupima. Rafiki yangu akasema wazee walitumia sisimizi: mkojo wenye sukari wanaujia. Na mwalimu alishatufundisha kwamba jaribio linataka mtu mwenye afya wa kulinganisha naye. Mwenye afya nani zaidi yangu? Nikachota kidogo kwenye kopo la usiku la bibi, nikaweka vifuniko viwili vya mkojo nyuma ya zizi la ng'ombe, cha bibi na changu.

Ndugu zangu, nawaambia, sisimizi walikipita kifuniko cha bibi kama hawakioni. Wakajaa kwangu, weusi tii, wanapandana migongoni.

Nikajiambia: Labda nimechanganya vifuniko. Kesho yake nikarudia. Wakaja kwangu tena. Rafiki yangu akacheka mpaka akakaa chini: "Oya, kumbe we ni soda!" Nikacheka naye, ila kimoyomoyo nikaanza kujumlisha. Maana usiku nilikuwa naamka kukojoa kila mara, maji nakunywa kumshinda ng'ombe wetu, na suruali ya shule nimeifunga kwa kamba. Mama alishaniuliza, "Wewe unavuta nini?" Nikamjibu, "Hewa ya mlimani."

Mnajua nilifanya nini? Nikanyamaza. Nikaanza kunywa ule msesewe mwenyewe, kwa siri, mchungu mpaka masikio yanausikia.

Asubuhi moja nakata majani ya ng'ombe, nikatapika, migomba ikazunguka. Nazinduka niko hospitali mjini, nesi ananitoboa kidole, na mashine inakataa kutoa namba. Sukari ilikuwa imepita uwezo wake wa kuhesabu! Daktari akasema mwili wangu umeacha kutengeneza insulini, na wala si kosa la soda. Nikamuuliza habari za msesewe.

"Bibi yako anashushwa sukari na vidonge vyake. Wewe ungekunywa mti mzima na mizizi yake," akasema, "ungekufa tu, tena na mdomo mchungu."



Leo najidunga sindano mwenyewe, na natembea. Namshukuru yule nesi aliyenifundisha kudunga chungwa kwanza kabla ya tumbo langu. Nawashukuru nyie wa kikundi hiki cha wenye kisukari, mlionikalisha katikati yenu bila kuniita mtoto. Na bibi, ambaye siku hizi tunapimwa naye kliniki siku moja, na akinishinda ananitambia njia nzima.

Miti ya dawa siitukani. Wapo wanaoipima kwa vyombo na subira, tuwaache wamalize, tusijifanye panya wao wa majaribio kabla hawajatuita. Na mwili ukikuambia jambo, nenda ukamwambie mtu. Hasa mama.

Kwa sababu pale kitandani nilimweleza mama yote: mkojo, vifuniko, gome. Nikajikunja nikisubiri kofi. Halikuja. Alinitazama, akasema:

"Yaani sisimizi walijua, mimi mama yako sikujua?"