Greda na Jua la Mchana

Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Ringwani, bibi Nyangi alifumba macho kama amelala, maana anayesinzia hafichwi neno. Olima, dereva wa greda, alikuwa akimlalamikia mzee Mogesi aliyekaa naye. "Jana rejeta ilichemka, na leo bosi hataki nizime injini hata mchana. Nikizima, ananifukuza." Mogesi akacheka. "Enzi zetu jua likipanda tulifungua nira, maksai wakaenda mtoni, sisi tukanywa maziwa ya mgando." "Mzee wangu, chuma si maksai!" "Kitendawili, mwanangu: hali majani, lakini akinyimwa maji hufa." "Greda," Olima akajibu kwa unyonge. Bibi, macho bado yamefumbwa, akakumbuka harufu ya shamba la baba yake likilimwa alfajiri, akatamani gari lisifike. Lilifika. Bosi alikuwa amesimama barabarani, na greda, aliloliwasha mwenyewe, lilikuwa tayari linanguruma.