Mzee Crispus Mwandawiro na Neno "Bwana"

Tarehe 31 Desemba 1958, Mzee Crispus Mwandawiro atakabidhi ufunguo wa kabati lake na kupanda lori la kurudi kwao Mghange, kule milimani, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwa karani na mkalimani katika ofisi ya serikali hapa Voi. Ameomba asifiwe kwa kiasi. Ombi lake limepokelewa na limekataliwa.

Alikuja mwaka wa 1929, kijana wa misheni mwenye Kidawida chake cha nyumbani, Kiswahili cha vitabu na Kiingereza cha Biblia. Kikamba alijifunzia sokoni kwa kubishania bei, ndiyo maana mpaka leo anakusalimu kama mtu anayedai apunguziwe. Sisi Wakamba tumemsamehe. Joto la Voi ndilo halijamsamehe. Miaka yote hii amekaa mezani na kitambaa kibichi shingoni, na kila Ijumaa ametutangazia kwamba Mungu aliumba milima ili watu wakae juu yake.

Kazi yake aliifanya kwa sheria moja: mkalimani haongezi neno wala hapunguzi. Mzee wa Marungu akitukana mbele ya D.O., yule ofisa Mzungu wa wilaya, Mzee Crispus alilihamisha tusi zima zima, na heshima zake zote. Watu walimwogopa kwa hilo, na watu walimwamini kwa hilo hilo. Sheria hiyo ilimtupa mkono mara moja tu, nami nilikuwepo, kwenye mashine ya taipu, mgongo nimewapa.

Ilikuwa mwaka wa 1954, Hali ya Hatari imemfanya kila mtu aogope kivuli chake. Alikuja mama mmoja, Nduku, mshonaji wa hapa Voi. Mafundi cherehani walikuwa wamejaa kila baraza la duka hapa mjini, na watoto wake watatu hawakuwa wakila baraza. Wifi yake Syokau alikuwa Moshi, ambako kahawa ilikuwa imewapa watu fedha ya kushonesha. Nduku alitaka ahamie huko na cherehani yake, ajifanyie kazi mwenyewe, kihalali, bila kujificha askari wakipita. Lakini Tanganyika ni nchi nyingine, na siku zile mtu wa Kenya alitakiwa awe na kibali cha kuvuka, kibali cha kukaa, na jina la mwajiri. Sasa, mwajiri, ambaye siku zile kwa kawaida alikuwa Mzungu, katika ofisi yetu aliitwa "bwana". Ndivyo tulivyolikuta neno, na hakuna aliyeliuliza lilitoka wapi.

D.O. wetu wa wakati huo, kijana aliyekuwa na wiki chache tu nchini, aliuliza mama huyu anafanya kazi kwa nani. Mzee Crispus akamgeukia na kumwuliza bwana wake ni nani. Nduku angejibu kwa Kikamba mambo yangeisha hapo, lakini kwa heshima ya ofisi alikuwa ameazimia kusema Kiswahili. Akajibu kwa upole kwamba bwana yake alikufa. Mzee Crispus, masikio yake yakiwa ya ofisini kwa robo karne, akapeleka kwa Kiingereza kwamba mwajiri wake amekufa. D.O. akaweka kalamu chini. Alikufia wapi?

"Alinifia mikononi," Nduku akasema.

Hilo nalo likahamishwa, neno kwa neno. D.O. akasimama, akamwita askari wa mlangoni. Mzungu gani amekufa, na kwa nini hakuna aliyeripoti? Nduku, akiona anashukiwa na hajui kwa lipi, akajitetea kwa kile alichoamini kingemwonyesha kuwa mke mwema: kwamba alimzalia bwana huyo watoto watatu. Hapo Mzee Crispus alifungua mdomo kutafsiri, akaufunga. Mimi niliuma mkono wa shati langu nisicheke, ingawa askari alikuwa ameshamshika mama wa watu, na waliokamatwa mwaka ule hawakurudi upesi.

Mzee Crispus angeweza kunyamaza, nasi tusingejua kosa lilikuwa la nani. Hakunyamaza. Alimwambia D.O. kwamba kosa ni lake mkalimani, kwamba mama huyu ni mjane, na anamlilia mumewe wala hajaua mtu. Halafu akamgeukia Nduku akamwomba radhi mbele yetu sote, kwa kile Kikamba chake cha sokoni. Nilijivunia kukaa naye chumba kimoja siku ile, na bado najivunia.

D.O. alicheka mpaka akapaliwa, kisha akakumbuka sheria. Kibali cha kuvuka akampa, ila alionya kwamba asiye na mwajiri Moshi huhesabiwa mzururaji na kurudishwa kwa treni inayofuata. Mzee Crispus hakubishana. Aliomba likizo, akapanda treni na Nduku, cherehani ikiwa katikati yao.

Huko Moshi, karani wa vibali vya kukaa alitaka kwanza leseni ya ufundi, na karani wa leseni alitaka kwanza kibali cha kukaa. Siku nzima huyu anasema kaanze kwa yule, yule anasema kaanze kwa huyu. Kesho yake Mzee Crispus aliwakutanisha kwenye ujia baina ya vyumba vyao, akawakalimania, ingawa wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili. Ilipofika adhuhuri walikuwa wameelewana. Nduku akapata leseni na kibali cha mwaka mmoja, Syokau akiwa mdhamini. Mahali pa mwajiri palipigwa mstari mtupu, na mwaka baada ya mwaka kibali kikafanywa upya.

Tangu hapo ofisi yetu husema "mwajiri", na Mzee Crispus akaongeza kifungu katika sheria yake: usibebe neno kabla hujajua limebeba nini. Makarani vijana waliofundishwa kazi naye wanakiimba hata usingizini.

Wiki iliyopita alishughulikia ombi lake la mwisho. Binti mmoja wa Mbololo, Wakio, anataka kwenda Tanganyika kushona. Mzee akamwuliza mwajiri wake ni nani. Binti akamkodolea macho, neno halijui. Mzee akatuangalia, akapumua, akamwuliza bwana wake ni nani.

"Bwana yangu ni Mama Nduku wa Moshi."

Mkalimani wetu alipangusa uso kwa kile kitambaa chake, na safari hii haikuwa joto. Kisha akatafsiri sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza, na muhuri ukagongwa.

Asante, Mzee Crispus, kwa niaba yetu na ya wote uliowasemea. Msalimie mkeo, Mama Jedidah, ambaye sasa atakuwa nawe hata siku zisizo za Jumapili. Kaa vyema kwenye baridi yako, ule ushibe, uone wajukuu na vitukuu.

Gibson Kituku, karani, kwa niaba ya wafanyakazi wote