Fundi Pedi na Wimbo wa Gemu ya Treni

Wazazi, ndugu, majirani, na ninyi vijana mliosimama kwa kukosa viti, familia inawaomba mtege sikio kidogo, maana mtu tunayemzika leo wengi mlimjua kwa jina la Fundi Pedi tu, na jina hilo halisemi yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Mama yake alikuwa akisema kwamba alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa hajamaliza kuchunguza pale alipokaa. Alianza shule ya msingi Januari 1979 akamaliza Novemba 1985, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila kengele ya umeme ya shule ilipokufa ni yeye aliyeifufua, na kesho yake ikalia mfululizo asubuhi nzima bila mtu wa kuizima, hata mwalimu mkuu akasema, "Heri ilipokuwa maiti."

Mwaka 1987 aliingia katika karakana ya fundi redio, akajifunza kulehemu, kupima nyaya, na kunyamaza mteja anapoapa kwamba redio yake haijawahi kuanguka. Tarehe 3 Mei 1998 alifungua chumba chake cha gemu, chumba kimoja chenye televisheni nne, mashine nne za kuchezea na benchi moja refu, na pedi, vile vidude vya kushika mkononi unapocheza, zilipochoka yeye mwenyewe ndiye aliyezifungua na kuzitia vitufe vingine, ndipo jina likamganda.

Mkabala na chumba hicho palikuwa na fundi cherehani, msichana mkimya, ambaye ndiye mjane aliyekaa hapa mbele yenu. Mara ya kwanza alikuja kumburuta mdogo wake arudi nyumbani, akamkuta marehemu amewasha gemu ya treni, ile ambayo kabla haijaanza huonyesha treni ikivuka daraja ndani ya ukungu huku filimbi ikipiga wimbo, basi akasimama mlangoni na futi yake ya kupimia nguo shingoni hadi wimbo ukaisha, akaondoka akiwa amemsahau mdogo wake palepale. Tangu siku hiyo marehemu akimwona anavuka barabara aliiwasha gemu ile upya, akaacha wimbo upigwe bila kubonyeza kitufe cha kuanza, watoto wakapiga kelele, "Fundi, bonyeza basi, tumechoka na filimbi!" naye akawajibu, "Tulieni, mashine inapata moto." Mashine ilipata moto karibu miaka miwili, na tarehe 17 Novemba 2001 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa mwaka 2002, kijana mwaka 2005 na kitinda mimba mwaka 2010, na sasa yuko mjukuu mmoja ambaye bado ananyonya.

Kufikia mwaka 2006 CD za gemu zilikuwa zimeanza kufa, na hazikuwa zikitengenezwa tena popote, hivyo marehemu alinunua kompyuta iliyotumika, akaweka programu inayoiga mashine ya gemu, akawa anaivuta CD nzima na kuiingiza humo, ili gemu ichezwe hata siku mashine na CD zitakapokuwa takataka. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, ikabidi abane, na kubana kuko kwa namna mbili. Kuna kukunja, kama unavyokunja nguo ukaitia sandukuni, ukiikunjua ni ileile, na kuna kukata mikono ya nguo ili itoshe. Marehemu kwa haraka alitumia programu ya kukata, iliyotupa nyimbo na picha za mwanzo ikabakiza mchezo peke yake, akijipa moyo kwamba CD zenyewe zipo, siku akipata kompyuta kubwa ataanza upya.

Na kweli mwaka 2013 aliipata, akaanza upya kwa njia ya kukunja, CD moja baada ya nyingine, anaiosha, anaiinua dirishani kutazama kama ina matundu, kisha anaiacha isomwe polepole kwa kuibembeleza, na wapenzi wa gemu wa miji mingine wakawa wanamtumia za kwao. CD ya treni alikuwa ameitenga miaka mingi ili asiiazime mtu, akaibandika juu utepe mpana alioandika YA MAMA WATOTO, USIGUSE. Watu wengi hudhani CD huumia upande wa chini unaong'aa, kumbe ule utando wa fedha unaobeba gemu yote umekaa juu, chini kidogo tu ya maandishi, na gundi ya utepe ilikuwa imeushika. Alipoubandua utepe, fedha ikaja nao, akabaki na plastiki tupu anayoona vidole vyake kwa upande wa pili. Mama watoto alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai, akasema, "Ubandike tena, basi."

Aliitafuta gemu ile kwa miaka, kwenye masanduku ya watu na kwa mafundi asiowajua, na kila aliyempata alimtumia kwa furaha, ila kila faili lilikuwa na herufi FP mwishoni, alama yake mwenyewe, maana nakala aliyoikata mwaka 2006 alikuwa amewagawia wenzake nao wakagawiana, na hakuna aliyehangaika kuhifadhi nyingine. Pale treni ilipopaswa kuvuka daraja palikuwa na giza, kimya.

Februari 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa wa kwenda hospitali kusafishwa damu, mikono ikatetemeka asiweze kushika hata bisibisi, na familia ilikaa kwenye benchi la nje ikiutazama mlango, maana hapakuwa na lingine la kufanya. Juni 2024 alimwomba mkewe auimbe ule wimbo, binti mkubwa arekodi kwa simu, angalau uwepo mahali. Mama watoto akaimba, mgonjwa akatikisa kichwa, "Hapo unapanda, mbona unaushusha?" "Unashuka. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni." "Na mimi ndiye niliyeuwasha!" Muuguzi alicheka, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakagawanyika, huyu anasema unapanda, yule unashuka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia. Wakaitwa vijana wa zamani wa chumba cha gemu, wakakumbuka vizuri mahali pa kufunga breki kwenye kona ya tatu, lakini wimbo hapana, kwa kuwa walikuwa wakipiga kelele. Simu ya binti ikabaki na nyimbo mbili, moja inapanda, moja inashuka.

Jioni ya Alhamisi, tarehe 8 Agosti, marehemu alisema taratibu, "Labda unashuka, mama," na mjane anasema hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu mumewe hakuwahi kumwachia ushindi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2024, presha ilishuka, madaktari wakajitahidi, haikupanda tena, naye akafariki akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, majirani mliowalisha watoto tulipokuwa hospitalini, na mafundi wenzake mliotuma mafaili hata yalipokuwa yaleyale. Mwenye gemu ya treni katika droo yake asiitupe, hata kama ina mikwaruzo, na kama ina utepe juu, tafadhali asiubandue.

Mjane ameomba jambo moja lisomwe mwisho, kwamba tangu Ijumaa amejaribu kuuimba na hana hakika tena, huenda ulikuwa unapanda.

Lala, baba watoto. Utulivu uwe wako.