Fundi Makapi: Miaka Thelathini na Mmoja Bila Kutupa Kitu

Ifikapo saa kumi alasiri ya Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, msimamizi wa mashine ya kugandamiza mbao atavua koti lake la kazi kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika orodha ya wafanyakazi ana jina kamili lenye heshima zake. Katika karakana tunamwita Fundi Makapi, na akiitwa vinginevyo haitiki upesi.

Alianza akiwa mpakuaji. Enzi hizo karakana ilitengeneza samani kwa mbao za msituni, na makapi ya miwa aliyoyashusha kwenye malori yalikuwa kuni tu za tanuri. Inasemekana alichoka kula moshi. Aliyachanganya makapi na uji mzito wa wanga uliochemshwa kutoka mabaki ya mihogo, akaubana mchanganyiko huo kwa jeki ya lori, akapata kitu ambacho msimamizi wa wakati huo alikiita mkate. Mkate huo ndio ubao wetu wa kwanza.

Wa pili ulikuwa mlango wa stoo, nao uliliwa. Mbuzi wa jirani waliumaliza nusu kati ya asubuhi na adhuhuri. Jirani alipokuja kuomba radhi, alimkuta Fundi amechuchumaa mbele ya mlango, anachunguza alama za meno kwa furaha isiyofichika. Aliwaambia wenzake kwamba kitu kinacholiwa na mbuzi hakijawa ubao, ila angalau wamejua hakina sumu. Ndipo ikaja kinga ya mafuta yanayokamuliwa kutoka maganda ya korosho, makali kiasi kwamba hata mchwa huyakwepa. Tunayatumia hadi leo.

Mkewe anasimulia kwamba kwa miaka yote hiyo hajafua suruali bila kwanza kukung'uta mifuko, na kwamba lau mvua ingekuwa nyingi zaidi, miwa ingeota kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Lakini aliyefanya kazi naye atamkumbuka zaidi kwa kiganja chake. Kabla mchanganyiko haujaingia mashineni, alikuwa akichota konzi moja, akaifinya, kisha akaigusa kwa kidole gumba. Tonge likishikamana na kutoa nyufa chache, unyevu unafaa. Likimeguka, ni kavu. Likiteleza, ni chepechepe, na ubao utafura. Sisi wa chumba cha vipimo tulikuja na kifaa cha kupima unyevu, tukamweleza, kwa adabu zote za chuo kikuu, kwamba zama za tonge zimepita. Mbao arobaini za kwanza tulizozipitisha kwa kifaa zilifura kama magodoro. Fundi hakucheka. Aliuliza tu kifaa kile kilikuwa kimepangwa kupima kitu gani. Kilikuwa kimepangwa kupima maranda ya mbao, nasi tulikuwa tukikichomeka kwenye makapi. Haki inanidai niongeze kwamba msimu uliofuata, tulipoanza kutumia maganda ya karanga, kiganja kilikosea na kifaa kikapatia, naye akakiri mbele ya wote. Kwa hiyo nasita kuhitimisha nani alimfundisha nani.

Mwaka jana, tarehe ya kustaafu kwake ilipoanza kubisha mlangoni, uongozi uliweka sharti: kama mbao hazitatoka sawasawa bila Fundi, mashine itazimwa na tutarudi kununua mbao za msituni. Watu kumi na mmoja wangekosa kazi, wa kwanza akiwa msaidizi wake, tunayemwita Dada Joto kwa kuwa ndiye mlinzi wa moto wa mashine.

Jibu la Fundi lilitushangaza. Jumatatu iliyofuata aliingia kazini mikono nyuma, na kwa miezi sita hakugusa lundo. Dada Joto alimsihi, akamtania, akamwita babu mchoyo. Siku moja alimsogezea konzi ya mchanganyiko hadi puani: "Babu, nusa basi, kunusa si kugusa!" Fundi akamjibu kwamba pua imemtangulia kustaafu. Mbao ishirini na sita zilipinda kama soli za viatu vilivyosahauliwa juani. Alizirudisha zote kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa yeye hatupi kitu, na kila mara swali lake lilikuwa moja: "Wewe umeonaje?" Wapo waliosema amesusa. Nakiri nilikuwa miongoni mwao.

Mwezi uliopita Dada Joto alitoa mbao mia mbili za madawati ya shule, akitumia kiganja chake na kifaa chetu kwa pamoja. Tulichagua kumi bila kuangalia, tukaziloweka siku tatu, kisha watu wazima wanne wakasimama juu ya kila mmoja. Hazikufura wala hazikulia. Meneja bado alitaka uhakika. Aliegemeza ukutani mbao mbili zilizopigwa msasa, zisizo na alama, mmoja wa Fundi na mwingine wa Dada Joto, akamwomba Fundi aoneshe wa kwake. Fundi alipapasa kingo, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanyoosha mkono pasipo kusita.

Alionesha wa Dada Joto.

Karakana ililipuka kwa vicheko, na sharti likafutwa palepale. Sijui hadi leo kama kweli alikosea. Nimemuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema macho ya uzee si ya kuaminiwa. Mara ya pili alinikumbusha kwamba alikuwa ametumia masikio. Dada Joto hajamuuliza, na nadhani hatamuuliza. Asubuhi iliyofuata aliwasha moto robo saa kabla ya muda, bila kumsubiri mtu.

Kwa niaba ya wote waliojifunza kwako, na waliojifanya kukufundisha, asante sana, Fundi. Tunakutakia wewe na mama siku ndefu za afya, kicheko na usingizi wa asubuhi. Jumatatu mashine itawaka kama kawaida. Usije kuiangalia.