Mama Mabomba Anastaafu, Anahamia Kwake

Tarehe thelathini ya mwezi huu Mama Mabomba anatuaga, baada ya miaka ishirini na saba kwenye ofisi yetu ya kusaidia watu kununua nyumba yao ya kwanza. Jina lake halisi wengine hamlijui, na msihangaike. Hata mkurugenzi akimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, mwenyewe hageuki.

Alianzia mapokezi. Mtu alikuja kuuliza choo kiko wapi, akaondoka baada ya saa nzima akijua mkopo wa nyumba unalipwaje. Wakubwa wakaona bora wampe darasa kabisa, foleni ipungue. Ndiyo darasa la Jumamosi mnalolijua: ukilimaliza, ofisi inakuchangia kile kianzio ambacho benki inakitaka kabla haijakukopesha.

Hilo jina la Mabomba alilipata kwa kazi yake. Anawabeba wanafunzi wote mpaka kwenye nyumba inayouzwa, anafungua mabomba yote kwa pamoja, anavuta na maji ya choo, halafu anasimama mikono kiunoni anasikiliza. Kuna siku koki iling'oka ikabaki mkononi mwake, maji yakaruka mpaka darini, dalali na suti yake akalowa chapachapa. Mama wala hakushtuka. "Mmeona? Bora tuloe leo, kuliko mloe kila siku mkishalipa!"

Na wimbo wake mwingine ulikuwa huu: nyumba usiipende kabla ya kusaini, maana mwenye nyumba ataona usoni kwako na bei itapanda. Kawaimbia wote huo, na wengi leo wanalala kwao.

Sasa jamani, sikilizeni hili, yeye mwenyewe karuhusu tulisimulie. Miaka yote hiyo Mama Mabomba alikuwa anakaa vyumba viwili vya ofisi, pale nyuma ya maegesho. Sheria yetu inasema mfanyakazi haombi msaada huu mpaka barua yake ya kustaafu itoke. Na akistaafu, vyumba anarudisha. Kwa hiyo ilikuwa ama apate nyumba kabla ya tarehe thelathini, ama akalale sebuleni kwa mdogo wake, na wale wapwa wanaopigia kelele mpira kwenye televisheni.

Barua ilipotoka akakaa darasani kama wengine, akapata kanyumba kazuri, bei wakapatana kwa mdomo. Mwenye nyumba akamwachia ufunguo apime madirisha. Basi mwalimu wetu kapima, kashona, kaenda katundika! Mapazia ya manjano nyumba nzima, na zulia mlangoni pia. Hajasaini hata karatasi moja. Mzee mwenye nyumba kupita pale, kakuta nyumba inacheka. Kesho yake akapandisha bei, na hiyo bei mpya msaada wetu na mkopo wa benki vyote havikuifikia.

Mama alikuja chumba cha chai akalia. Tulicheka kwanza, tusidanganyane, halafu tukalia naye. Akasema atauza cherehani yake aongezee.

Dada anayechukua nafasi yake akamvutia kiti. "Mama, leo wewe ndiye mwanafunzi. Huuzi kitu. Nenda kashushe mapazia yako, mwambie umeghairi."

"Na akikubali kwamba nimeghairi?"

"Basi utakuwa umeghairi kweli. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Tukaenda naye watatu, akamwambia mzee kwamba ameghairi. Alipanda stuli, akashusha pazia moja moja, anakunja taratibu. Mzee kasimama mlangoni, kajikausha. Chumba kikabaki na ule ukuta wa kijivu na dirisha tupu. Mke wake akachungulia. "Baba watoto, hivi ndivyo ilivyokaa mwaka mzima, hakuna aliyeulizia. Mwache huyu aende, halafu umtafute nani?"

Mzee akakohoa weee. Mama Mabomba alikuwa keshafika getini na furushi kichwani, na hakugeuka, ingawa alituambia baadaye moyo ulibaki ndani. Ndipo akaitwa. Bei ileile ya mwanzo. Wamesaini Jumatatu iliyopita, na katika wote waliopitia mpango huu, hakuna mnunuzi wa mara ya kwanza aliyemzidi umri.

Ahsante Mama, kwa familia zote ulizozipa mlango wa kufunga, na kwa kutuchekesha hata siku za mishahara kuchelewa. Nenda ukaishi vizuri, uwe na afya, tutakuja kukusumbua. Na ukitaka kupiga msumari ukutani, piga tu mama, hata kumi. Huna wa kumuomba ruhusa.